Bahasha ya Wanaongoja

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Jumamosi moja mbele ya vijana wanaopiga picha za mtaani, katika ukumbi mdogo wa Katwe, Kampala. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nimeacha tu zile dakika ambazo umeme ulikatika, tukabaki kusikiliza jenereta ya jirani na nyundo za mafundi wa vyuma.

Hamjambo wote. Wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu mliowahi viti vya dirishani kwenye hewa, nanyi vijana mnaonirekodi utadhani nitaruka maneno yangu kesho: asanteni kwa kuja. Wa Bombo nawaona. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu nimewasikia tangu mlangoni, maana Kiswahili chenu huingia kabla yenu. Changu mimi ni cha kambini. Baba alikuwa askari, tumekulia kwenye nyumba za mabati za jeshi, na mnaijua lugha ya pale: amri kwanza, salamu baadaye. Kwa hiyo nikiwafokea leo, msichukie, ndivyo nilivyofundishwa kupenda watu.

Mwenyekiti wenu aliponipigia simu alisema vijana wanataka kujua namna ya kupata staili. Nikasema sawa, nitakuja. Baada ya kukata simu nikacheka peke yangu, kwa sababu mimi mwenyewe niliitafuta hiyo staili miaka sita mizima, kama mtu anayetafuta miwani na kumbe ameivaa.

Nilianza kwa kuiga. Msione aibu kuiga, kila mtu hapa ameiga. Wa kwanza kuniteka alikuwa Daido Moriyama, yule Mjapani wa picha nyeusi na nyeupe zenye chembechembe nzito, za kiza, zilizopinda. Nikasema hii ndiyo yangu. Nikaigeuza Kampala yote nyeusi. Paki ya takisi nyeusi, soko la Nakasero jeusi, mananasi meusi. Dada yangu akaja nyumbani, akaziangalia moja moja, akaniuliza kwa upole, "Kaka, nani amekufa?"

Nikamwacha Moriyama, nikamkimbilia Saul Leiter. Huyu alikuwa Mmarekani, mchoraji pia, aliyeishi kitongoji kimoja cha New York zaidi ya miaka 50 na kupiga picha za rangi nje ya mlango wake: mwavuli mwekundu kwenye theluji, uso nyuma ya kioo chenye mvuke. Mimi nami nikatafuta kioo chenye mvuke. Nilisimama nje ya mgahawa mmoja Kampala Road siku tatu nikingojea mvua. Ikanyesha. Kioo hakikutoa hata tone la jasho. Askari wa mlangoni ndiye aliyetoka, akataka kujua nachunguza nini na nimetumwa na nani. Baadaye ndipo nikafahamu kitu ambacho mtoto wa shule angeniambia bure: kioo cha New York kinatoa jasho kwa sababu nje ni baridi kali na ndani wamewasha moto. Kioo cha Kampala kina vumbi. Vumbi jekundu, zuri, ambalo Leiter hakuwahi kulipata, nami nilikuwa nalipangusa ili nifanane naye!

Sasa nawapeleka kwenye bahasha.

Mimi nina tabia ya kizamani, ya enzi za mkanda, ya kupeleka picha zikasafishwe. Hata baada ya kuhamia kamera ya dijitali, kila mwisho wa mwezi nilichagua picha kama 40 nikazipeleka studio moja ndogo upande wa Nasser Road, zikatolewa kwenye karatasi. Pale palikuwa na binti aliyeendesha mashine. Jina langu ni refu na lina herufi ambazo hazipendi kukaa pamoja, kwa hiyo hakuliandika. Mwezi mmoja nilikuja akiwa hayupo, nikamwambia mwenzake nimefuata picha zangu. Akauliza za nani? Nikataja jina. Akapekua sandukuni, hakuna. Akampigia simu yule binti. Nikasikia anajibiwa, "Aa, yule! Tafuta bahasha ya wanaongoja."

Ikatolewa bahasha ya kaki. Juu yake, kwa kalamu nene ya buluu, imeandikwa WANAONGOJA.

Nikadhani wamekosea. Nikaifungua palepale kaunta. Abiria watatu ndani ya takisi, hizi basi ndogo zetu, ambayo haijajaa, mmoja ameegemeza paji la uso kwenye kiti cha mbele. Vijana wa boda, kwenye stegi yao, yaani kituo, pale Wandegeya, wamelala juu ya pikipiki zao kama chui juu ya tawi. Wapagazi wa Kikuubo wamekaa juu ya magunia wanasubiri lori. Mwanamke mwenye gomesi ya kijani, lile vazi refu la heshima la kina mama wa huku, mkoba mapajani, kwenye benchi nje ya ofisi ambayo mlango wake umefungwa. Karatasi 40, na katika 31 kati yake hakuna mtu anayefanya lolote ila kungoja. Niliposimama pale nikahesabu mara mbili.

Yule binti alidhani nimeajiriwa na shirika fulani kufanya mradi wa watu wanaosubiri. Alikuwa ameliona jambo hilo kwa miezi, kwa sababu yeye alizipitisha picha zote mikononi mwake na hakuwa na habari ya Moriyama wala ya Leiter. Mimi niliyezipiga sikuona. Niliona chembechembe, niliona rangi, niliona lenzi.

Mtaniuliza kwa nini kungoja. Kampala ukitaka watu wanaongoja hupati taabu. Takisi yetu ina leseni ya abiria 14 na haiondoki hadi wa kumi na nne aketi, hata kama wa kwanza aliingia akiwa kijana. Lakini takisi hizo hizo huwapa wapiga picha wengine makonda wanaoning'inia mlangoni, wachuuzi wanaokimbia na chupa za maji, vurugu, kelele. Mwenzangu mmoja tuliyekuwa tukitembea naye alirudi na hizo kila siku. Tulitembea njia moja, saa moja, yeye akaona mbio, mimi nikaona kungoja. Nilikaa na hilo muda mrefu. Jibu nililolipata halina falsafa: kambini, baba akienda operesheni, mama alikuwa akikaa kwenye ngazi ya nyumba jioni, hana kazi mkononi, na hakuna aliyetuambia siku ya kurudi. Nyumba zote za mstari wetu zilikuwa na mama kwenye ngazi. Mgongo wa mtu anayengoja naujua kabla sijaujua mgongo wa kamera.

Basi. Hilo silirefushi, mama mwenyewe hapendi nilisimulie.

Nataka nikae zaidi kwenye umbali, maana hapo ndipo vijana wengi wa hapa mnababaishwa. Mmeambiwa picha ya mtaani lazima usogee. Sogea, sogea, mpaka usikie mtu anapumua. Ni ushauri mzuri kwa anayeogopa bure. Lakini zitazameni picha zangu: karibu zote zimepigwa kwenye mita tatu na nusu, mita nne. Nilijaribu kusogea, zikafa. Kwa miaka nilijiita mwoga.

Halafu siku moja nikiwa soko la Owino, kwenye vichochoro vya mivumba, yaani nguo za mitumba, nikamsalimia mama mmoja mzee aliyekuwa akipanga nyanya mafungu manne manne. Luganda yangu siku hizo ilikuwa mbovu, nikamsalimia kwa Kiswahili. Mkono wake ukasimama juu ya fungu. Hakuniangalia kamera, aliniangalia viatu. Viatu, jamani! Alikuwa anatafuta buti za askari.

Nyinyi mliozaliwa juzi hamwezi kulijua hilo mpaka mwambiwe. Rais Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi wa mji huu kikawa lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani: simama, shuka, lala chini. Mwaka 1979 wakaja wakombozi kutoka Tanzania wakamwondoa, nao wanasema Kiswahili hichohicho, na wapo wazee hapa Kampala ambao wakikisikia hutabasamu kwa sababu ya mwaka huo. Lugha moja, hofu na nafuu, kutegemea nani alikugongea mlango na mwaka gani. Katiba ilirekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe shuleni kwa lazima. Vizuri sana. Lakini mkono wa yule mama ulikuwa bado uko kizuizini.

Hapo ndipo nilipoelewa mita zangu nne. Nilikuwa nimekua nikijua, bila kuambiwa, kwamba watu wanahitaji nafasi kati yao na mtu mwenye lugha yangu. Nilikuwa nawapa nafasi hiyo. Na ile nafasi ndiyo ilikuwa picha: ardhi nyingi mbele ya mtu, kivuli chake kizima, miguu yake, kile alichokiweka chini karibu naye. Ukisogea karibu unapata uso. Ukikaa nilipokaa mimi unapata mtu na mahali alipowekwa. Nikaacha kujiita mwoga, nikanunua lenzi moja ya milimita 35 na kuziuza nyingine mbili, moja kwa hasara inayoniuma mpaka leo.

Yule mama nilimpiga picha? Siku hiyo hapana. Nilinunua nyanya mafungu mawili nikaenda. Nilirudi mara tatu, mara ya nne nikiwa na salamu ya Luganda niliyofundishwa na mtoto wa jirani, na akanicheka mbele ya wenzake wote jinsi nilivyoitamka. Baada ya kunicheka akaniambia nipige. Nikampelekea karatasi yake wiki iliyofuata. Akaitazama, akasema nyanya zimetoka vizuri.

Wanaouliza kuhusu ruhusa, jibu langu liko humo, na sina jingine lililo safi zaidi. Kuna picha nazipiga bila kuuliza, kwa sababu nikiuliza mtu anaacha kungoja na kuanza kupigwa picha, hayo ni mambo mawili. Lakini nikishapiga sikimbii. Nabaki nimesimama, kamera kifuani, naonekana. Akikasirika namwonyesha, akitaka niifute naifuta mbele yake, na akiuliza "pesa iko wapi" hatubishani kama wanasheria, tunaongea kama majirani. Watoto wa barabarani siwapigi. Wagonjwa siwapigi. Mtu aliyelala kwa pombe simpigi, hata akiwa kwenye mwanga wa malaika. Kuna wapiga picha wakubwa waliopiga hao wote, nami picha zao nazitazama kwa heshima, ila nikirudi mtaani Kisenyi nakutana na shangazi wa mtu.

Haya, ufundi kidogo, naona wenye kamera wameanza kusinzia.

Tupo karibu juu ya mstari wa ikweta kabisa, Kampala iko theluthi moja tu ya digrii kaskazini yake. Jua letu halipandi kwa mshazari, linapanda kama mtu anayepanda ngazi ya kisima. Linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, na ikifika saa tatu mwanga mlaini umekwisha. Mchana wa Machi na Septemba linakaa utosini, macho ya watu yanakuwa mashimo mawili meusi. Vitabu vya Ulaya vitawaambia msubiri ule mwanga wa dhahabu wa jioni. Wao unawakalia muda mrefu. Sisi ukiinama kufunga kamba ya kiatu, umepita. Kwa hiyo jifunzeni mchana. Ingieni chini ya miavuli ya soko: mwavuli mwekundu unapaka uso wekundu, wa buluu unaufanya uso kama umetoka majini, na ardhi yetu nyekundu inarudisha mwanga kutoka chini, unajaza macho. Hiyo ni studio ya bure, imefunguliwa kila siku.

La pili. Takisi zetu ni nyeupe na watu wetu ni weusi. Kipimo cha mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Kikiona Hiace nyeupe imejaza nusu ya fremu, kinatia giza, na abiria dirishani anageuka shimo. Si kosa la ngozi yake. Enzi za mkanda hata maabara zilipima rangi kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, na sisi tulikubali kutoka kama vivuli tukidhani ndivyo tulivyo. Pima kwenye uso, au ongeza mwanga hatua moja, na ubavu wa takisi uungue ukitaka kuungua. Uso kwanza.

La tatu ni kwa wale wanaopenda kutafuta fokasi mtu akiwa ameshapita. Kwa kamera ya fremu kamili na lenzi ya 35, weka tundu la lenzi, ile namba ya f, kwenye 8, fokasi iweke mkono kwenye mita mbili na nusu, uiache. Kila kilicho kati ya mita 1.7 hivi na karibu mita 5 kitatoka wazi. Mimi huipeleka mbele kidogo kwa sababu ya mita zangu nne. Wewe pima zako. Wenye simu, nyinyi hamna la kuweka, lenzi ni pana na kila kitu kiko wazi. Kazi yenu ni miguu tu, na kuacha kuvuta picha kwa vidole viwili.

Filta? Niliulizwa pale mlangoni kuhusu filta. Tumia unayoitaka. Kesho wote watakuwa nayo.

Twende kwenye kuchagua picha, ambako ndiko nilikuwa nawapeleka. Garry Winogrand, Mmarekani aliyepiga mitaa kama mtu mwenye kiu, alikuwa akiacha mikanda yake muda mrefu, mwaka na zaidi, kabla ya kuisafisha, ili asahau alivyojisikia siku ya kupiga. Alipofariki 1984 aliacha mikanda kama 2,500 ambayo haijasafishwa kabisa. Hilo la pili msiliige. La kwanza ligeni. Picha uliyoipiga jana unaipenda kwa sababu ya jasho ulilotoa, au kwa sababu msichana mzuri alipita nyuma yako na yeye hayumo kwenye fremu. Ngoja umsahau.

Na mwone mnachokirudia hata mkikikimbia. Mwaka 2019 nilikwenda pale Makumbusho ya Taifa kuona picha za enzi za Amin zilizotoka kwenye hazina ya shirika la utangazaji la Uganda, hazina yenye negativi kama 70,000. Waliozipiga walikuwa wafanyakazi wa serikali, wamepewa kamera na amri: rais awe katikati. Na yuko katikati, anacheka, anahutubia. Watu walizitazama wakimtafuta yeye. Mimi nilikuwa kwenye pembe, kwa wale waliosimama pembezoni mwa fremu, mikono nyuma, wanasubiri hotuba iishe. Rafiki niliyekwenda naye aliona sare tu, vifungo, kofia, kamba za mabegani. Siku hizi anapiga picha za nguo, na anazipiga vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Tulitoka makumbusho mamoja tukiwa tumeona maonyesho mawili.

Nikiri na jambo moja linaloniudhi. Nilipojua kwamba mimi ni mtu wa wanaongoja, mwaka mzima nilipiga upuuzi. Nilitoka nyumbani nikiwatafuta, na mtu akitafutwa hivyo huonekana kama tangazo la benki. Mpaka Machi 2020 usafiri wa umma uliposimamishwa kwa sababu ya korona. Nilipata kibali cha kutoka, nikaenda Old Taxi Park. Hakuna takisi, hakuna abiria, karoli, wale korongo wakubwa wa jalalani, wanatembea katikati kama wakaguzi. Hakuna hata mtu mmoja wa kungoja, na sikujua nisimame wapi. Nikajikuta nimesimama mita nne kutoka kwenye kibanda kilichofungwa, nikapiga kibanda. Nilipozisafisha, ardhi ilikuwa ileile mbele, nafasi ileile, na benchi tupu likiwa limekaa pale ambapo mtu angekaa. Yule binti wa studio alizitia kwenye bahasha ileile bila kuniuliza.

Sasa inatosha, nimeongea kupita saa niliyopewa. Kila mmoja aliambiwa aje na picha 50 za karatasi, na naona wengine mmezileta kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, Mungu awasamehe. Viatu viacheni mlangoni, viti visogezwe ukutani. Tandazeni sakafuni, halafu mwende upande ule, kwenye picha za mwenzako. Za kwako usiziguse, wala usimweleze mtu ulikuwa unatafuta nini. Mama zangu wa dirishani, nyinyi hamjui lolote kuhusu lenzi, kwa hiyo tutaanza na nyinyi. Chukueni hizi bahasha na kalamu. Mkimaliza kutazama za mtu mmoja, andikeni juu neno lolote litakalowajia, hata kama ni baya, mpite kwa mwingine.